Bastola Isiyovimbisha Mfuko

Nchi hii ina jina zuri, ila kulitaja bila kibali ni kosa, na ofisi inayotoa vibali hufungwa siku za kazi. Basi tuiite nchi, inatosha. Ni nchi ya amani kupindukia. Amani yake imeandikwa kwenye stempu, kwenye mifuko ya saruji, na ukutani mwa kila kituo cha polisi, juu kidogo ya mlango wa mahabusu. Mwenye shaka na amani hiyo huingizwa kwenye mlango huohuo, akatoka haoni tena sababu ya kuwa na shaka. Pengine haoni kabisa, maana wengine hutoka na macho yamevimba.

Katika nchi hiyo alikuwamo mtu mmoja aitwaye Nassibu Mwinchande, fundi silaha wa Idara ya Ulinzi wa Mashahidi. Kazi ya Idara ilikuwa kuwalinda watu walioona mambo. Watu walioona mambo nchini humo ni wengi mno. Waliokubali kusema walichokiona ni wachache. Na kuhakikisha wachache hao wanaifikia siku ya kusema wakiwa bado wanapumua, hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Walinzi walivaa nguo za kiraia, suruali na koti kama mtu yeyote, na chini ya koti kila mmoja alificha bastola ya zamani, zile za matundu sita yanayozunguka. Zilikuwa nzito kama mchi wa kinu na sura zake hazikumpendeza mtu. Lakini ukizivuta zililia. Fundi Nassibu alikuwa amezitunza miaka ishirini na sita, na hakuna hata moja iliyowahi kumfedhehesha mlinzi.

Balaa lilianzia gazetini. Siku ya Utulivu wa Taifa, Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dakta Fidelis Pambalo, alipigwa picha akikata utepe wa kisima ambacho maji yake yalitarajiwa mwaka wa fedha ujao. Picha ilitoka nzuri. Tatizo ni kwamba nyuma yake alisimama mlinzi mmoja wa Idara, na koti la mlinzi huyo lilikuwa limevimba kiunoni.

Waziri aliitazama picha hiyo siku mbili. Siku ya tatu akaitisha mkutano wa saa nne.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ikatetemeka kwa uzalendo, "mgeni akiliona koti lile atajiuliza, wanaficha nini hawa? Wanamwogopa nani? Nchi ya amani haiwezi kuwa na uvimbe!"

Wakapiga makofi hadi kalamu zikadondoka mezani.

Baada ya mwezi mmoja ikaletwa kutoka ng'ambo bastola ndogo, nyembamba, inayong'aa, inayoenea kiganjani kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika wiki nzima. Wizara ikaipa jina la Kipenzi. Waziri mwenyewe aliitia mfukoni, akajigeuza mbele ya kioo, akaketi, akainuka, akawaamkia wageni wawili wa kufikirika. Mfuko ulibaki bapa kama wa mtumishi mwaminifu.

"Hii ndiyo silaha," akasema. "Hata mimi nimesahau kama ninayo."

Zikaagizwa elfu mbili siku hiyohiyo. Katika shughuli yote hiyo, hakuna aliyefikiria kuifyatua hata mara moja.

*

Aliyefikiria alikuwa Fundi Nassibu, na hilo ndilo lililomponza. Alipopokea sanduku la kwanza alichukua bastola kumi, akaenda nazo uwanja wa shabaha nyuma ya ghala, akafyatua risasi mia mbili. Risasi sitini na moja zilikwama.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alizifungua zote kumi juu ya kitambaa cheupe, akakaa nazo siku tatu, akaelewa ugonjwa. Bastola ilikuwa ndogo kupita kazi yake. Kile kifuniko cha juu, ambacho kila risasi ikitoka hurudi nyuma ili kutema ganda tupu na kuipandisha risasi nyingine, kilikuwa kifupi mno, hivyo hakikuwa na nafasi ya kukosea hata kidogo. Springi yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba mtu mwenye jasho mkononi hawezi kukivuta. Ukiishika kwa kulegea kidogo inakwama. Ukiijaza risasi mpaka mwisho inakwama. Na kwa kuwa ilikusudiwa kukaa mfukoni, na mifuko yote duniani ina vumbi na nyuzi za pamba, ilikuwa ikila uchafu mchana kutwa. Na ikishiba, inakwama.

Akaandika taarifa ya kurasa nne, akaipeleka kwa Mkurugenzi wa Idara, Bwana Shembilu. Huyu alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufunga macho anaposoma jambo lisilompendeza. Taarifa ile aliisoma macho yakiwa yamefumbwa kuanzia ukurasa wa kwanza.

"Fundi," alisema alipomaliza, "nani alikutuma uifyatue?"

"Ni bastola, Mkurugenzi. Nilikuwa naipima."

"Ni bastola ya mfukoni. Ya mfukoni hupimwa mfukoni." Akatoa kwenye droo fomu iliyochapwa vizuri. "Vigezo vya Wizara ni hivi hapa. Uzito. Wembamba. Rangi. Adabu inapokuwa ndani ya nguo. Niambie, kati ya hivi imefeli kipi?"

"Kigezo cha kufyatuka hakimo."

"Hakimo kwa sababu nchi yetu ina amani. Tukikiweka tutakuwa tumekiri kwamba siku moja itafyatuliwa." Akamsogezea kalamu. "Weka sahihi, Fundi."

"Mkurugenzi, hawa wanaoibeba ni watoto wetu. Mtu atakufa."

Bwana Shembilu akafumbua macho. Alikuwa na macho mazuri tu, ya kawaida, ya mtu aliyewahi kuwa na rafiki. "Umebakiza miezi minane ustaafu," alisema taratibu. "Kule Nyikani kuna ghala la mahema. Halina maji, halina barabara, na limekosa mtunzaji tangu wa mwisho aumwe na nyoka. Mkeo ana kisukari, si ndiyo? Hospitali iliyo karibu na ghala lile ni mwendo wa siku mbili. Mimi sikutishi. Nakusomea ramani tu."

Fundi Nassibu akashika kalamu. Akaandika: *Imekubalika*. Halafu, kwa herufi ndogo, akaongeza: *isipokuwa inapofyatuliwa*. Akaweka sahihi.

Cheti kilipotoka kwa mpiga chapa yale maneno ya mwisho hayakuwamo. Sahihi ilikuwamo, kubwa na safi, na muhuri umeigonga katikati. Fundi alikiona kimetundikwa ukutani kwenye mapokezi. Alikisoma mpaka mwisho, kisha akaenda zake nyumbani kula.

*

Walinzi walikuja kubadilishiwa silaha mmoja mmoja. Miongoni mwao alikuwa Koplo Leokadia, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mrefu, aliyewahi kuichezea timu ya netiboli ya majeshi, mwenye kicheko kinachotangulia kuingia mlangoni kabla yake. Alimwita Fundi baba, na hakumwita hivyo kwa adabu ya kazini tu. Baba yake mzazi alikufa mapema, na Fundi ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha.

Aliipokea Kipenzi akaigeuzageuza.

"Baba Fundi, hii ni bastola au kiberiti cha gesi?"

"Ishike kwa nguvu," Fundi alisema bila kumtazama. "Usilegeze kiwiko. Usiweke kitu kingine kwenye mfuko huo, hata leso. Isafishe kila asubuhi. Jaza risasi sita, usijaze saba. Ikikwama, piga kitako kwa kiganja, vuta kifuniko nyuma, achia."

Leokadia akaacha kucheka. "Kwa nini unaniambia habari za kukwama kabla ya habari za kufyatua?"

Fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye rafu.

"Baba. Itafanya kazi?"

"Ikitunzwa," alisema.

Neno hilo moja aliligeuza kichwani usiku na mchana kwa siku nyingi zilizofuata. Halikuwa uongo mzima. Ndiyo maana lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Leokadia wakati huo alikuwa akimlinda shahidi mmoja aitwaye Bi. Asumini, muuza vitumbua wa lango la soko kuu. Soko hilo lilikuwa limeungua na watu wawili waliokuwa wamelala vibandani walikufa ndani. Serikali ilisema ni hitilafu ya umeme, ingawa soko halikuwa na umeme. Bi. Asumini, aliyekuwa amewahi kuja kuwasha jiko lake, alimwona mkandarasi Tibaigana akiwa amesimama langoni na vijana wake wenye madumu ya petroli. Mkandarasi alikitaka kiwanja cha soko ajenge hoteli, na michoro ya hoteli ilikuwa imekwisha kupitishwa wiki moja kabla ya moto. Vijana wake walimfuata Bi. Asumini mara mbili wamshawishi kwamba hakuona kitu. Yeye akajibu, "Nimekaa langoni pale miaka kumi na tisa. Mimi mtu namjua kwa kivuli, sembuse kwa kitambi?"

*

Siku ya kesi, saa nne asubuhi, jua limekolea, watu wamejaa mbele ya mahakama. Leokadia alikuwa akipanda ngazi bega kwa bega na Bi. Asumini. Kutoka kwenye umati alichomoka mwanamume mwenye gunia begani, akalitupa gunia, mkononi akabaki na panga.

Leokadia alimsukuma Bi. Asumini nyuma yake na kuchomoa bastola. Upesi wake, walisema walioona, ulikuwa wa kustaajabisha. Akafyatua. Risasi ya kwanza ilimkosa yule mtu kwa upana wa kidole, ikachimba ukuta. Akafyatua ya pili. Hakikutoka kitu.

Alifanya kila alichofundishwa. Alipiga kitako kwa kiganja. Alivuta kifuniko nyuma, vidole vikateleza kwa jasho. Akavuta tena, vikateleza. Mwenye panga alikuwa amebakiza ngazi tatu. Leokadia akamrushia ile bastola usoni, kwa nguvu zote za mchezaji wa netiboli, ikampasua paji la uso, na hiyo ndiyo huduma pekee ambayo Kipenzi iliwahi kuitoa kwa taifa. Kisha akageuka, akamkumbatia Bi. Asumini, akamlalia juu yake pale ngazini.

Walimhesabia majeraha kumi na moja mgongoni. Bi. Asumini alipata moja, la mkono. Umati ulipomkamata yule mtu, Leokadia alikuwa bado hajaachia kumbatio, na ilibidi vidole vyake vifunguliwe kimoja kimoja.

Bastola ililetwa kwa Fundi Nassibu kwenye mfuko wa karatasi, aikague. Ganda la risasi ya kwanza lilikuwa limebanwa kwenye tundu la kutokea, limesimama wima kama bomba la moshi wa jiko. Ndani kulikuwa na uzi wa pamba, mwekundu, mfupi kuliko kope. Alikumbuka kwamba koti la Leokadia lilikuwa na bitana nyekundu. Fundi aliuweka uzi ule kwenye kiganja. Halafu akapiga ukelele ambao wenzake kwenye ghala hawakuwahi kumsikia nao, wakadhani kajikata.

*

Jioni Mheshimiwa Waziri alilihutubia taifa.

"Kuna watu wasiotutakia mema," alisema, "wanaoeneza uvumi kwamba silaha yetu haikufanya kazi. Ndugu wananchi, tuongee kwa takwimu. Risasi iliyotoka ilitoka kwa asilimia mia moja. Zilizobaki hazikutoka. Sasa nawauliza: risasi ambazo hazikutoka zimemdhuru nani?"

Kamati ya wataalamu ikaundwa, ikakaa siku sita, ikala vizuri, ikatoa matokeo. Ilibaini kwamba bastola haikuwa na kosa. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono wa marehemu, ambao "ulilegea kwa kukosa imani na vifaa vya serikali." Kosa la pili lilikuwa la mfuko. Fundi cherehani aliyeshona koti akakamatwa, akawekwa ndani wiki mbili kwa kushona mfuko wenye nyuzi. Kosa la tatu, zito kuliko yote, ni kwamba marehemu aliirusha mali ya serikali kwa hasira mbele ya hadhara, ikapata mkwaruzo. Kwa hiyo Koplo Leokadia akapewa karipio kali la maandishi, na kwa kuwa hakuweza kulisaini kupokea, ikaandikwa kwamba amekaidi. Mkaidi hazikwi kwa bendera.

Alizikwa kwa kanga ya mama yake.

Mama yake, Bi. Skolastika, alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya watu waliokuja makaburini alikuwa amewapokea duniani kwa mikono yake. Fundi Nassibu alisubiri watu wapungue, akamwendea. Hakutafuta maneno mazuri.

"Mama, ile bastola niliipima. Nilijua inakwama. Nikaandika kwamba inafaa."

Bi. Skolastika alimtazama kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Na yeye alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ikitunzwa itafanya kazi."

Fundi akanyoosha mkono kumpa pole. Mama akaurudisha wake nyuma.

"Usinishike," akasema. Hakupaza sauti. "Mwanangu aliitunza. Kila asubuhi aliifungua mezani kwangu, kwenye meza ninayolia chakula. Nilimwambia, wewe unaiogesha bastola kama mtoto mchanga. Akasema, Baba Fundi kaniambia." Akageuka akaondoka.

Fundi alipofika nyumbani mkewe alimwekea chakula, hakula. Akamweleza yote, pamoja na habari za Nyikani na hospitali ya mwendo wa siku mbili. Mkewe alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ulinifanya mimi kisingizio," akasema. "Hukuniuliza hata mimi mwenyewe. Mimi ningekwambia twende Nyikani."

*

Kelele za watu zilizidi, ikabidi iundwe tume ya wazi kuithibitisha kazi ya kamati. Ilikaa kwenye ukumbi wa jiji, na Mheshimiwa Waziri akahudhuria ili haki ionekane ikihudhuriwa. Nyuma yake walisimama walinzi wake wanne. Fundi Nassibu aliitwa ili athibitishe sahihi yake.

"Hii ni sahihi yako?" mwenyekiti wa tume akauliza, akiinua cheti.

"Ni yangu. Na ni ya uongo. Katika risasi mia mbili, sitini na moja zilikwama. Nilipima, nikaandika, nikatishwa, nikaogopa, nikasaini. Koplo Leokadia aliishika bastola ile kwa mkono uliokaza kuliko wa mtu yeyote humu ndani. Aliyelegea ni mimi."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akagonga meza. "Jibu ulichoulizwa tu! Tume haikuuliza ukweli!"

"Basi mimi nina swali moja kwa Mheshimiwa. Hawa walinzi wako wanne wamebeba bastola gani?"

Waziri akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu mbele ya wageni.

"Hilo ni suala la usalama wa taifa."

"Mimi nitakujibia, maana kila mwezi huja kwangu niwatilie mafuta. Wamebeba zile za zamani, za matundu sita. Walipoletewa Kipenzi walizikataa, na wewe ukawaandikia barua ya kuwaruhusu. Barua ninayo. Mheshimiwa, kama silaha ni nzuri, kwa nini si nzuri kwako?"

Kwa bahati mbaya, wakati huohuo mmoja wa walinzi wanne alikuwa ameinua mkono kujifuta jasho, na koti lake likafunguka. Watu wote wakauona uvimbe.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, cheko la uchungu lisilo na furaha hata chembe, likaambukiza ukumbi mzima, kisha likageuka likawa kitu kingine, likawa ngurumo, na viti vikaanza kuvunjika. Tume iliahirishwa hadi tarehe isiyojulikana kwa sababu ya hali ya hewa. Fundi Nassibu alisimamishwa kazi akiwa bado kizimbani, kwa karatasi aliyopewa na karani aliyekuwa akimwomba radhi kwa macho.

Na Kipenzi? Iliendelea. Ila Wizara, kwa kuwa ni sikivu, iliifanyia maboresho: ilipakwa rangi ya kijani.

*

Kesi ya soko ilipangwa upya. Bi. Asumini, mkono wake ukiwa bado na bandeji, alipelekewa taarifa kwamba atalindwa na walinzi wawili wenye Kipenzi za kijani. Alimtuma mtu kwa Fundi Nassibu na ujumbe mfupi: "Nimeambiwa wewe ndiye unayejua ipi inalia."

Fundi alikwenda ghalani asubuhi mapema. Alikuwa hana ruhusa ya kuingia, lakini bawabu, mtu wa makamo aliyekula naye mihogo miaka kumi na mitano, alimtazama akasema, "Mimi leo jicho limenisumbua, sioni vizuri," akageukia ukutani. Fundi akachukua bastola moja ya zamani kwenye sanduku la zilizongoja kuyeyushwa, akaisafisha, akaijaza, akaificha kiunoni. Koti likavimba kama mtu mwenye busha la ubavu. Hakujali.

Walipofika kwenye zile ngazi, wale walinzi wawili walikuwa mbele, nyuso zimesawijika, mikono ndani ya mifuko. Bi. Asumini alisimama ngazi ya chini.

"Ni hapa," akasema.

"Ni hapa," Fundi akaitikia. "Twende, dada."

Walipanda. Nusu ya njia wakawaona watu wawili kando ya nguzo, wamevaa makoti makubwa juani. Mmoja akapiga hatua. Fundi Nassibu alifungua koti, akaichomoa ile bastola ya kizamani, akainyoosha kwa mikono miwili, akakoki. Mlio wa kukoki ukasikika hadi barabarani. Hasira ya miezi mitatu ilikuwa imemkaza kila mfupa. Alikuwa akimtamani yule mtu apige hatua ya pili. Aliomba apige. Hilo baadaye lilimwogopesha kuliko panga lolote.

Yule mtu aliitazama bastola. Aliitambua ni ya aina gani. Akarudi nyuma, akamvuta mwenzake, wakashuka kwa upande wa pili kama watu waliokumbuka kwamba wameacha jiko linawaka.

Bi. Asumini akaingia ndani, akakaa kizimbani, akasema kila alichokiona: lango, madumu, kitambi. Wakili wa mkandarasi alimuuliza kama ana uhakika, ilhali wakati ule kulikuwa bado na giza.

"Mwanangu," alijibu, "walipowasha moto palikuwa na mwanga wa kutosha."

Mkandarasi Tibaigana alifungwa miaka kumi na minne. Hoteli haikujengwa. Naam, hata katika nchi ile jambo kama hili huweza kutokea, na Wizara ya Utulivu bado inachunguza lilitokeaje.

*

Fundi Nassibu alikamatwa akitoka mahakamani, na wiki iliyofuata alirudishwa palepale kama mshitakiwa. Shitaka lilimpa shida mwendesha mashitaka, kwa sababu sheria ilimtaka athibitishe kwamba kilichokamatwa ni silaha kweli. Bastola ikapelekwa uwanja wa shabaha mbele ya maofisa watatu. Wakaifyatua mara sita, ikalia mara sita. Mwaka ule hakukuwa na silaha nyingine ya serikali iliyofaulu jaribio la namna hiyo, na ofisa mmoja, kwa kujisahau, alipiga makofi. Shitaka likasomwa: kupatikana hadharani na silaha inayofanya kazi.

"Una la kusema kabla ya hukumu?" hakimu akauliza.

"Ninalo. Kwa hili mlilonishitaki sijutii hata kidogo. Nililopaswa kushitakiwa ni lile la kwanza, na hilo hamjaliandika popote. Liandikeni. Mimi nitakaa hapa nisubiri."

Hakimu alizipanga karatasi zake, akazipangua. Kisha akatoa hukumu: miezi kumi na minane, pamoja na kupoteza kiinua mgongo.

Walipokuwa wakimtoa kwa mlango wa pembeni alimwona Bi. Skolastika ameketi mwisho wa benchi la ukutani, na mkoba mapajani. Hakujua kama alikuwapo tangu mwanzo. Alitaka kupita bila kumtazama, kwa kumheshimu, lakini mama yule alinyanyuka, akajiweka katikati ya njia, na askari waliomshika Fundi wakasimama. Mmoja wao mama huyo alikuwa amemzalisha mkewe.

"Sijakusamehe," Bi. Skolastika alisema.

"Najua, mama."

"Sikiliza vizuri. Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza." Alipumua kwa pua, kama mtu anayenyanyua ndoo. "Siku za kuwatazama wafungwa ni Jumapili. Chakula cha mle ndani nakijua, nimewahi kuzalisha wanawake kule. Nitakuja. Maharage unakula?"

Fundi Nassibu akatikisa kichwa kukubali.

"Haya," akasema mama, akampisha apite.